Nesi alisema mafuta yangu yanamchoma mtoto tumboni

Mama Mkunga, salamu nyingi kutoka Busia.

Nina miaka 31, nina mtoto mmoja wa miaka minne, na sasa nina mimba ya wiki 19. Mume wangu ni wakala wa forodha hapa mpakani. Mimi nina kibanda cha vitenge karibu na maegesho ya malori, kwa hiyo kutwa nzima nimekaa.

Tatizo langu ni uzito. Nilipoanza kliniki nikiwa na wiki 12 nilikuwa kilo 98, na urefu wangu ni sentimita 161. Wiki jana mizani ilisoma kilo 101. Nesi wa zamu katika kliniki moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, alisema kwa sauti, benchi zima likisikia, kwamba mafuta yangu yanaleta mchochota mwilini na yanamchoma mtoto. Akanipeleka maabara. Walipima kitu kinachoitwa CRP, ikatoka 14, na karatasi inasema inatakiwa iwe chini ya 5. Damu nayo ikatoka 9.8. Mama mkwe alipoisoma hiyo karatasi alicheka: mtu mnene namna hii atapungukiwaje damu?

Tangu siku hiyo sili mchana. Asubuhi nakunywa chai ya kupunguza mwili niliyouziwa sokoni. Inanifungua tumbo sana, lakini aliyeniuzia anasema hiyo ndiyo sumu inatoka. Mama mkwe amekasirika. Ananipikia posho (ugali) na nyama ya mchuzi saa nane, nikikataa anasema nataka kuwa kama watu wa silimu, yaani wenye ukimwi, na kwamba mimba ya mwanamke mwembamba haina nguvu.

Mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho presha ilipanda, uso ukavimba, nikafanyiwa upasuaji. Kidonda kikatunga usaha, kikachukua zaidi ya mwezi kupona. Sasa naogopa yatarudi yale yale. Je, ni kweli mtoto anaungua? Nipunguze kilo ngapi kabla ya kujifungua?

Mama wa mmoja, Busia

*

Binti yangu,

Pole kwa maneno uliyoambiwa mbele za watu. Habari za mwili wa mjamzito zinasemwa chumbani mlango ukiwa umefungwa, na anayezisema anatakiwa akae na wewe mpaka uelewe.

Mtoto wako haungui. Lishike hilo kwanza. Kisha mwaga hiyo chai leo, na kesho mchana ule. Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki, majani ya kufungua choo. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Na kilo za kupunguza ni sifuri. Mimba si wakati wa kukonda, hata kwa mwanamke mwenye kilo zako. Mwaka 2009 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa viwango ambavyo wakunga wengi duniani tunavitumia: mwenye unene kama wako aongezeke kati ya kilo 5 na 9 kwa mimba nzima. Wewe umeongeza tatu tangu wiki ya 12. Hujaharibu kitu.

Hata hivyo nesi hakutunga uongo. Alishika habari ya kweli akaifikisha vibaya, na kwa historia yako nataka uijue yote.

Mchochota unaujua. Ukijikata kidole, kesho yake pamevimba, pana joto, panauma. Hapo chembe za kinga zimekimbilia kidonda, na baada ya siku chache kazi imeisha. Mchochota unaotokana na unene ni mdogo kuliko huo, hauumi wala hauonekani, lakini hauzimiki. Sisi tulifundishwa kwamba mafuta ya mwili ni akiba tu. Mwaka 1993 watafiti wa Boston walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa TNF-alfa, kemikali ya mchochota. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yakakuta kwamba ndani ya mafuta ya mwili mnene hujazana makrofaji, chembe za kinga ambazo kazi yake ni kula vijidudu na mabaki ya chembe zilizokufa. Seli ya mafuta ikijaa kupita kiasi inakosa hewa, inakufa, makrofaji wanaifuata, na kila anayefika anatoa kemikali zinazowaita wengine. Kemikali hizo zinaingia kwenye damu, na mojawapo, IL-6, ndiyo inayoliambia ini litengeneze CRP, protini uliyoisoma kwenye karatasi.

Sasa ongeza mimba. Wengi husema mimba inalaza kinga ya mwili, na ndiyo maana mtoto, ambaye nusu yake ni ya baba, hakataliwi. Mambo si mepesi hivyo. Miezi ya mwanzo, mtoto anapojipachika kwenye mji wa mimba, kinga ya mama inakuwa na shughuli nyingi mahali pale. Miezi ya katikati inatulia. Kuelekea uchungu mchochota unapanda tena, na huo ni sehemu ya kinachofungua njia. Katika zile wiki za mwanzo kuna chembe za kinga za mji wa mimba zinazosaidia kupanua mishipa midogo ya damu ya mama, ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Tafiti za mimba changa zimeonyesha kwamba kwa wanawake wanene chembe hizo hupungua na kubadilika tabia. Mishipa isipopanuka vizuri, kondo linahangaika, linamwaga vitu kwenye damu ya mama, kuta za mishipa yake zinaumia na presha inapanda. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazounganisha unene na ile presha iliyokupata mimba ya kwanza.

Na mtoto? Kemikali nyingi za mchochota wa mama hazivuki kwa wingi kumfikia. Zinaishia kwenye kondo, na kondo ndilo linalobadili mwenendo: linaweza kupitisha sukari na mafuta mengi kuliko inavyohitajika, mtoto akazaliwa mkubwa, au likachoka mapema. Mwaka 2008 watafiti wa Cleveland walilinganisha makondo ya wanawake wanene na ya wasio wanene, wakakuta makrofaji mara mbili hadi tatu kwa wanene. Tafiti zilizofuata zimetofautiana, kwa hiyo asikutishe mtu kwa namba moja. Kinachofuata kwa mkunga ni kulifuatilia kondo, na mtoto aliye nyuma yake, kwa karibu zaidi.

Umeuliza juu ya kidonda chako bila kuuliza, nami nakijibu. Watu hudhani mwenye mchochota mwingi ana kinga kali. Kinga ya namna hiyo ni kama mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi kila paka akipita: majirani wanazoea, na siku mwizi akija hakuna anayetoka. Homa ya mafua ya H1N1 ilipoenea mwaka 2009, wajawazito na watu wanene walikuwa miongoni mwa walioumwa vibaya zaidi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huacha kinga hafifu kwa watu wanene wengi kuliko kwa wengine. Na vidonda vya upasuaji wa uzazi hutunga usaha zaidi kwao, kwa sababu hiyo na kwa sababu tabaka la mafuta lina damu kidogo. Usaha ule haukuletwa na uchafu wako. Ukipasuliwa tena, kumbusha mapema kwamba kidonda cha kwanza kilioza, uliza kama antibayotiki itatolewa kabla ya kisu na kama dozi inafuata uzito wako. Ukiwa nyumbani, mkunjo wa ngozi ulio juu ya mshono ukaushwe vizuri kila baada ya kuoga, nawe ulale chali kidogo ili mshono upate hewa.

Hiyo CRP ya 14 iache ipumzike. Ujauzito wenyewe huipandisha, unene huipandisha tena, na hakuna mwongozo unaomtaka mkunga aamue jambo la unene wa mjamzito kwa kipimo hicho. Lakini huku kwetu mashariki ya Uganda, kabla ya kulaumu mafuta, mtu anatakiwa apime malaria, apime mkojo, aangalie na fizi. Malaria peke yake inaweza kuipandisha mara nyingi kuliko hapo. Hukuniambia kama vilipimwa. Kama havikupimwa, anza navyo.

Sasa damu, na hapa mama mkwe wako amesema jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulisema, lakini si sahihi. Mtu mnene anapungukiwa damu, tena kwa urahisi. Ini linapopata habari ya mchochota hutengeneza pia homoni inayoitwa hepsidini, ambayo inafunga mlango wa madini ya chuma kwenye utumbo. Mwili unafanya hivyo kuwanyima vijidudu chuma. Mchochota usipoisha, mlango haufunguki vizuri, na chuma unachokula kinapitiliza kwenda chooni. Ongeza malaria, minyoo na lishe ya wanga mtupu, utaelewa ile 9.8 imetoka wapi. Huo ni upungufu wa damu, unahitaji tiba. Kidonge cha chuma na foliki tunachotoa kliniki kina miligramu 60 za chuma, na kwa damu kama yako mkunga anaweza kukuandikia mara mbili ya hapo mpaka ipande. Usikimeze na chai, hata ya rangi. Chai inakamata chuma. Kimeze kwa maji, na chungwa au pera ukiwa nalo, saa moja au mbili mbali na chai. Kama una tabia ya kutafuna udongo wa mimba, acha, nao unakizuia. Dawa ya minyoo ruhusa kunywa sasa, umeshavuka miezi mitatu.

Jambo moja wengi hawaambiwi. Mwanamke mnene katika nchi nyingine huagizwa kumeza foliki ya miligramu 5 kabla ya mimba na miezi mitatu ya kwanza, ili kulinda uti wa mgongo wa mtoto. Wewe umeshapita hapo, mgongo wa mtoto umekwisha kujifunga. Foliki ya dozi hiyo kubwa inaidhoofisha Fansidar, na Fansidar unaihitaji kila mwezi tangu wiki ya 13, mbele ya mkunga, kwa ajili ya malaria. Ile ndogo ya miligramu 0.4 iliyo ndani ya kidonge cha chuma haina shida. Kama duka la dawa limekupa kopo la foliki ya 5, lionyeshe kliniki kabla ya kuendelea kumeza.

Lililo la haraka kuliko yote ni hili. Kwa kuwa ulipata presha mimba ya kwanza, na uzito wako wa wiki ya 12 ukigawanywa kwa urefu wa mita, kisha kwa urefu huo tena, unatoa BMI, yaani kipimo cha unene, karibu 38, uko kwenye kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linataka lipewe aspirini ndogo, miligramu 75 kila siku, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Uko wiki ya 19. Usingoje tarehe ya kadi. Nenda kesho kutwa kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali ya Masafu, umweleze daktari presha ya kwanza, usaha na upasuaji, umwulize hiyo dawa. Usijinunulie aspirini ya kutuliza maumivu ukaikata vipande, na kama una vidonda vya tumbo au aspirini huwa inakubana kifua, sema.

Ukifika, angalia mkanda wa presha. Mkono wako ni mnene, na mkanda wa kawaida ukiubana mkono mnene unasoma presha kubwa kuliko iliyopo. Nimeona wanawake wakianzishiwa dawa kwa sababu ya mkanda mdogo, na hilo halifai. Ndani ya mkanda kuna mfuko wa mpira unaojaa upepo. Mfuko huo unatakiwa uzunguke sehemu kubwa ya mkono, si nusu tu. Ukiona mkanda unafunguka wenyewe unapojazwa, au kamba yake haifiki, omba ule mkubwa. Kaa kwanza dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza. Una haki ya kuomba hivyo bila kuonekana mjuaji.

Uliza pia picha ya ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, na kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28: unafika hujala, unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa mara tatu. Kipimo kikisoma 5.1 au zaidi kabla ya kunywa, hiyo tayari ni sukari ya mimba. Mchochota unaifanya insulini isisikilizwe na misuli, ndiyo maana haya yanakwenda pamoja. Kama kituo chako hakina kipimo hicho, waombe wakuandikie Tororo au Mbale.

Chakula. Sitakupa orodha ya kupima kwa gramu, kibanda cha vitenge hakina mizani. Nenda na mama mkwe kwenye sufuria yake. Posho iwe kipande kimoja cha ukubwa wa ngumi yako, sahani iliyobaki ijae mboga za majani, dodo (mchicha) au sukuma au nakati, na maharage au mukene (dagaa). Mukene unaliwa mzima na mifupa yake, unapata chuma na kalisi kwa bei ya mtu wa kawaida. Matoke ni sawa, usiongeze wali juu yake. Kinachowaongezea wanawake wengi wa mpakani kilo ni vile vya katikati: soda ya saa nne, mandazi, roleksi (mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati) yenye chapati mbili, chai ya maziwa yenye vijiko vinne. Hivyo vipunguze, milo mitatu ibaki. Na tembea. Jioni malori yakipungua vumbi, nusu saa kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba, siku tano kwa wiki. Misuli inayofanya kazi inatumia sukari bila kungoja insulini, hata kabla kilo moja haijashuka.

Kuhusu mama mkwe, naomba usimwone adui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Rakai, kusini mwa Uganda, walianza kukonda na kufa, wakauita ugonjwa huo slim, ndiyo silimu anayoitaja, kabla haujajulikana kuwa ni ukimwi. Mwaka 1985 madaktari wa hapa Uganda na wenzao waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la Lancet. Rika lake limewaosha na kuwazika watu waliobaki mifupa. Kwake mwanamke mnene ni mwanamke aliye hai. Mwambie kwamba hutaki kukonda, umekatazwa kukonda, na kwamba mkunga anataka ule mchana kila siku. Mpe kazi: yeye ndiye atakayechambua dodo na kuhakikisha kidonge cha chuma hakikutani na chai. Mwonyeshe karatasi ya damu umweleze habari ya ule mlango wa utumbo. Mume wako aje kliniki mara moja, asikie kwa masikio yake, maana yeye ndiye atakayelipa gari usiku ikibidi.

Kuzaa, uzae penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, kwa sababu una mshono. Vituo vya daraja la nne na hospitali ndiyo mahali pake. Kichwa kikikuuma hakiachi, macho yakiona nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, homa, damu, au mtoto kupunguza kucheza baada ya kuwa umemzoea: hapo hutafuti ushauri wa mtu, unapanda gari.

Mtoto akizaliwa, mweke titi saa ile ya kwanza. Kwa wanawake wanene maziwa mara nyingi huchelewa kujaa, yanakuja baada ya siku ya tatu, na hapo ndipo ndugu hukimbilia kopo la maziwa ya unga. Usikubali haraka. Mnyonyeshe mara kwa mara usiku na mchana, mwombe mkunga aangalie anavyoshika titi. Na presha haishii kwenye kitanda cha kuzalia, inaweza kupanda siku ya tatu au hata ya sita. Wakikuruhusu mapema, rudi upimwe kabla wiki haijaisha, kwa mkanda mkubwa.